Kahawa ya Kumketisha Bibi

Mjukuu wangu Anitha,

Hapa Songambele hatujambo, na shangazi yako amejifungua salama. Babu yako ana nguvu, ila kumbukumbu inamtoka. Juzi tulimkuta mbali, kwenye barabara ya Murongo. Umeniuliza kwa nini hatumfungii mlango.

Nilipokuwa msichana, bibi yangu alisahau hata majina yetu. Kila asubuhi alitoka kwenda kwa wazazi wake, waliokwisha kufa zamani. Mama hakumfungia. Alipita kila nyumba ya njia ile akawaambia, "Mkimwona, msibishane naye. Mkaribisheni kahawa ya kutafuna, kisha mtume mtu aniite."

Bibi alisahau yote isipokuwa adabu. Akipewa zile buni zilizochemshwa na kukaushwa aliketi, akatafuna taratibu na kuuliza habari za wenyeji, maana mgeni haondoki kabla ya kumaliza alichokaribishwa. Mama alimkuta hapo kila mara. Akili kama ile sijaiona tena.

Jana nimewapelekea kahawa majirani, na waendesha bodaboda wa njia panda pia. Ukija likizo ukamkuta babu yako ameketi kwa watu anatafuna, usimharakishe. Pokea na wewe, mmalize, ndipo mrudi.

Bibi yako,
Koku