Mlinzi wa Mezani

Jumatatu, 8 Januari 1990. Kuluba, Koboko

Nyasi tena, tangu alfajiri. Mikono inaniwasha mpaka kwenye viwiko. Nakata peke yangu, Mama anafunga mafungu. Anafunga, anakohoa, anafunga. Swaibu amekaa kwenye kiti anatucheka. Mdogo wangu huyo. Eti nani anakata nyasi za kuezekea wakati mabati yanakuja?

Mama akamwambia, "Kata tu. Mabati ikikuja, nyasi tunapa jirani."

Hakuinuka.

Kuta za udongo zimesimama tangu Novemba. Juu bado ni lile turubai la kambini. Miaka yote ya ukimbizini Zaire Mama amelala chini yake, tumerudi kwetu na bado analala chini yake. Anasema hataki kufa chini ya turubai la wakimbizi. Anasema kila siku. Namwelewa. Mvua ya kwanza ikinyesha, kuta zenyewe zitayeyuka.

Ijumaa, 12 Januari

Swaibu kaondoka kwenda Arua na pesa ya tumbaku. Yote. Tumbaku tulilima wawili, kukausha nilikausha mimi, macho yakavimba kwa moshi wa banda. Lakini kwa wanunuzi jina lililoandikwa ni lake, kwa sababu yeye ni mwanamume na alikuwa sajini. Atanunua mabati ishirini, atatafuta lori, atarudi baada ya siku tatu nne. Amevaa koti la jeshi kwenye jua hili. Mpumbavu.

Alhamisi, 25 Januari

Hajarudi.

Mtu wa sokoni kaleta salamu: mabati yamenunuliwa, lori ndiyo shida. Lori? Malori yanapita hapa kila siku yakitoka Arua. Nayaona kwa macho yangu.

Leo wamechoma pori upande wa mto. Kesho watachoma upande wetu. Nimekimbia kukata nilichoweza kabla ya moto. Mafungu tisa, basi. Kuanzia sasa hata ukitaka nyasi huzipati, ni majivu tu mpaka mvua ioteshe mpya. Mama amepanga mafungu ndani ya nyumba kama mtu anayepanga vyombo vya harusi. Sikumcheka.

Jumamosi, 3 Februari. Arua

Nimekuja mwenyewe. Nimefikia kwa Drateru, tulikuwa majirani kambini, sasa anauza mbegu za simsim sokoni.  Alinionyesha tu kwa kidevu Swaibu alipo: nyuma ya baa ile, baada ya alasiri.

Nilianzia dukani. Mabati yapo. Ishirini, yamefungwa kwa waya, stoo. Niliyashika. Nikapumua.

Kisha nikaenda nyuma ya baa. Swaibu yuko mezani na wanaume wengine watano, wote wa jeshi la zamani, wote migongo imenyooka kama wanakaguliwa. Mbele yao mtu mmoja anagawa kadi. Ana viatu vyeupe. Katika vumbi la Arua, viatu vyeupe! Jina lake sikuuliza. Kwangu ni Viatu Vyeupe. Amejifunza mchezo huu Kinshasa, anauita ishirini na moja.

Nauli ya lori Swaibu ameicheza. Sasa anacheza ili airudishe. Kiwete anamfukuza aliyemwibia mkongojo.

Nilitaka kumpiga mbele ya watu. Nilikaa.

Jumapili, 4 Februari

Nimetazama mchana kutwa. Mwanamke peke yangu, wamenizoea haraka, labda wananiona mzigo tu.

Mchezo si mgumu. Unapewa kadi mbili. Unataka zikaribie ishirini na moja, ukipita umekufa. Mfalme, malkia na jeki kila mmoja ni kumi. Esi ni moja au kumi na moja, upendavyo. Viatu Vyeupe naye anajipa mbili, moja wazi, moja kaificha kifudifudi. Anayeikaribia ishirini na moja zaidi ndiye mshindi. Hapo hakuna uchawi.

Uchawi uko hapa. Kadi yake ya wazi ikiwa esi, anasimamisha mchezo. Anainua kidole. Anauliza, "Nani anaweka mlinzi?" Hapo mtu anaweza kuweka dau la pili pembeni, nusu ya lile la kwanza. Kama kadi iliyofichwa ni ya kumi, dau la kwanza linaliwa, lakini mlinzi analipwa mara mbili. Unatoka ulivyoingia. Kama si ya kumi, mlinzi kaliwa na mchezo unaendelea.

Si lazima. Wengine wangekaa kimya. Lakini hawa? Neno mlinzi likitajwa tu, mikono yote mfukoni. Swaibu wa kwanza. Kila mara. Wamefundishwa tangu ujana kwamba kambi haiachwi bila mtu getini, na aliyelala lindoni walimwona anavyofanywa. Muuza nyama angeuliza bei. Hawa wanapiga saluti.

Viatu Vyeupe anajua anakaa na watu gani. Namchukia kwa hilo kuliko kwa pesa.

Jumanne, 6 Februari

Sikulala vizuri, nilikuwa na hasira. Leo asubuhi nimechukua maharage na mahindi ya Drateru, nimekaa chini.

Kadi ni hamsini na mbili. Esi yake iko wazi, zimebaki hamsini na moja. Za kumi ni kumi na sita. Hizo ni maharage. Nyingine zote, thelathini na tano, ni mahindi. Sasa ziwekee mlinzi zote, moja moja, kila mlinzi shilingi moja. Mahindi yanakula thelathini na tano. Maharage yanarudisha mbili mbili, thelathini na mbili. Tatu zimeenda kwa Viatu Vyeupe. Leo utashinda, kesho utashindwa, lakini ukikaa pale mwezi mzima, tatu zinaenda kwake.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Mlinzi hakuulizi una nini mkononi. Uwe na kadi nzuri, uwe na takataka, kwake ni sawa. Hakulindi. Ni dau jingine, juu ya kadi ya mwenzako. Umelipa askari akalinde nyumba ambayo si yako.

Drateru kaniuliza kama nimerukwa na akili, nahesabu maharage asubuhi yote halafu nayarudisha bila kupika.

Jumatano, 7 Februari

Habari njema: nimepata lori. Dereva anakwenda Koboko Ijumaa na chumvi, atabeba mabati, nauli atachukua kwa tumbaku ya majani tuliyoacha nyumbani. Nimemwambia Swaibu. Kafurahi. Kwa nusu saa alikuwa mdogo wangu wa zamani.

Halafu nikamweleza juu ya mlinzi. Nikapanga maharage mbele yake. Nikamwambia jambo moja zaidi, nililoligundua njiani: wewe unaweka mlinzi kwa moyo wote ukiwa na kadi nzuri, wafalme wawili, au malkia na jeki. Hizo zote ni za kumi. Mlinzi anangoja kadi ya kumi kwa Viatu Vyeupe, nawe umezikalia mbili mkononi! Zimepungua kule anakozitafuta. Unapoona una mali ya kulinda, ndipo mlinzi wako ni dhaifu kuliko siku zote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, wewe hapana jua vita. Askari hapana acha lindo."

Nikamwambia vita gani, mlikimbia. Tulikimbia wote, tukiwa na sufuria kichwani.

Hilo halikufaa kusemwa. Nililisema na sijutii. Akasukuma maharage yakamwagika, akatoka. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Swaibu ana upara.

Alhamisi, 8 Februari

Yamekwisha.

Nilipofika nyuma ya baa stakabadhi ya mabati ilikuwa tayari mezani. Eti ashinde kidogo tu, aende nyumbani na mabati na pesa ya misumari. Misumari! Dau lake mabati kumi. Akapata wafalme wawili. Ishirini. Wenzake wakapiga meza. Viatu Vyeupe akafunua ya kwake ya wazi. Esi.

Kidole kikainuka. "Nani anaweka mlinzi?"

Nikasema kwa sauti, "Swaibu, wafalme iko kwako wawili. Acha."

Hakugeuka. Viatu Vyeupe ndiye aliyenijibu, kwa upole, kama anamsalimia mkwe: "Mama, mutu ya akili analinda mali yake."

Mabati matano, mlinzi.

Kadi iliyofichwa ilikuwa tano. Mlinzi kaliwa. Swaibu bado ana ishirini, bado anatabasamu, kwake mlinzi kafa kishujaa. Esi na tano, kumi na sita. Viatu Vyeupe akajiongezea kadi. Tano nyingine.

Ishirini na moja.

 Mabati matano yaliyobaki, Swaibu akasema hayatoshi nyumba hata hivyo, akayasukuma yote kabla sijafika mezani. Hayo yaliliwa haraka, hata kadi sizikumbuki.

Wakati wa kutoka nilimkanyaga Viatu Vyeupe mguu, kwa makusudi, kwa uzito wangu wote. Kiatu kikawa chekundu kwa vumbi. Hakikurudisha hata bati moja. Nilifurahi kidogo hata hivyo.

Ijumaa, 9 Februari

Lori la chumvi limetubeba sisi wawili, bila mabati. Swaibu kakaa juu ya magunia, mimi mbele na dereva. Sikugeuka kumtazama. Ningekuwa na nguvu ningemshusha njiani.

Jumatatu, 12 Februari. Kuluba

Mama aliambiwa na nani? Na mimi. Swaibu alisimama nyuma ya nyumba. Sajini.

Mama hakulia, hakulaani. Aliuliza kitu kimoja: "Nyasi iko ngapi?"

Tisa.

Akaenda kuzihesabu mwenyewe, mkono kwa mkono, fungu kwa fungu. Tisa. Huko nje pori lote ni jeusi mpaka mlimani. Nilimtazama akiinama na nikamchukia mdogo wangu kwa chuki safi kabisa, haina hata tone la huruma.

Jumanne, 20 Februari

Swaibu anaomba nyasi. Kwa majirani, nyumba kwa nyumba, na lile koti. Wanamwuliza, si mlikuwa mnaezeka kwa mabati? Amerudi na fungu moja, la kale, lina mchwa. Mama kalipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Mimi ningelichoma.

Jumamosi, 3 Machi

Tumeezeka. Mafungu tisa yamefunika upande mmoja wa nyumba, na lile la mchwa limeziba ukingo. Upande wa kitanda cha Mama. Mwingine ni turubai, hakuna namna. Fundi kasema nyumba hii ni kama mtu aliyenyolewa nusu akaitwa msibani. Mama alicheka mpaka akakohoa. Swaibu hakucheka. Mimi nilicheka kwa kuwa yeye hakucheka.

Anafanya kazi sasa, lazima niandike. Anaamka kabla yetu. 

Ijumaa, 16 Machi

Mawingu upande wa Sudan. Hayakufika.

Watu waliotoka Arua wanasema Viatu Vyeupe ameshuka Vurra, yuko karibu na forodha, anacheza na madereva. Hao hawajakaa jeshini, labda watauliza bei. Swaibu alisikia jina la Vurra, nikamwona mkono unaelekea mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu. Nilimtazama mpaka akautoa.

Jumatano, 21 Machi

Imenyesha. Adhuhuri, ghafla, mvua ya kwanza, nzito.

Tuliingia wote. Mama kitandani, mimi pembeni yake. Juu yetu nyasi zinavuma, hazidondoshi. Upande wa pili turubai likajaa maji, likashuka kama tumbo la ng'ombe. Swaibu alichukua mchi akasimama chini yake, analisukuma maji yamwagikie nje, mbali na ukuta. Likijaa, anasukuma. Maji yanampitia mikononi mpaka ndani ya koti. Alisimama hivyo muda mrefu. Hakuna aliyemwambia asimame.

Mvua ilipopungua Mama akasema, "Swaibu, kuja huku. Pahali iko."

Swaibu akaniangalia mimi, si Mama. Sikusogea. Bado nina hasira, nitakuwa nayo mpaka tumbaku nyingine ikauke, na baada ya hapo.

Mama akagusa goti langu.

Nikasogea. Kidogo tu. Akakaa ukingoni, amelowa chapachapa, mchi bado mkononi.  Mama amelala sasa. Upande wake haukuvuja.