Pleti Zangu Kwenye Mnada wa Mavuno

Jumatano, 12 Juni
Malori manne nimeosha leo hapa Makambako. Dereva wa Ndola kanipa pleti ya namba ya tela lake lililokufa. Sasa ninazo thelathini na nane. Zambia, Malawi, Kongo, Zimbabwe, hadi Botswana. Shule niliishia kidato cha pili, sawa. Lakini nionyesheni mtu mwingine Njombe nzima aliyelaza nchi tano chini ya kitanda. Wasomi wana ramani. Mimi nina bati lenyewe.

Jumamosi, 15 Juni
Nimefika nyumbani Njombe. Chini ya kitanda kuna ndala moja. Basi. Mama kazifunga pleti zote kamba, kazipeleka kanisani, ziuzwe kesho kwenye mnada wa mavuno. Viazi vyetu viliungua na baridi, akaona aibu kwenda mikono mitupu. Eti, "Si mabati tu hayo, baba?"
Mabati!
Nimefoka mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Sijala. Nina hasira ya kung'oa mlango.

Jumapili, 16 Juni
Mahubiri sikusikia hata neno. Baada ya ibada, mnada nje. Kuku, mahindi, parachichi, halafu mzee wa kanisa akainua furushi langu. "Haya, nani anataka malori yasiyokula mafuta?" Kwaya nzima ikacheka. Nikataja bei. Bibi Eda, jirani yetu mjane, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena. Mfuko wangu ukaishia hapo.
Na kwetu ukishindwa mnadani unampigia makofi aliyekushinda. Nimepiga. Viganja vinawasha mpaka sasa. Nimemchukia bibi wa watu, Mungu anisamehe akipata nafasi. Mama ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Simsemeshi.

Jumatatu, 17 Juni
Kazini sikwenda. Nimebeba nyundo nikazing'oe.
Maana Bibi Eda kazipigilia zote kwenye paa la jiko lake! Msumari umepita katikati ya Malawi. Zimbabwe kichwa chini. Nikaweka ngazi bila hodi, nikapanda natukana kimoyomoyo. Bibi akatoka na moshi wake, akanisalimia kwa kikwetu. "Kamwene, mjukuu wangu. Umekuja kunimalizia? Pale pembeni bado panavuja. Jana nilishuka miguu inatetemeka, nikasema basi."
Alipanda mwenyewe. Umri ule.
Nimekaa juu ya paa, nyundo mkononi, natazama pale panapovuja.

Jumanne, 18 Juni
Manyunyu tangu alfajiri.
Jana nilizing'oa kweli. Moja moja. Nikazipigilia upya, zikisomeka. Zambia mstari mmoja. Botswana mbele, upande wa barabara. Pembeni nimeziba kwa mbili. Mama alikuja akashika ngazi. Nikamwambia anipitishie misumari.
Matundu ya ile misumari bado yananiuma.
Asubuhi hii nimekunywa chai jikoni kwa bibi. Pakavu.