Farasi Wangu Ana Miaka Kumi na Tisa, na Dume Anakuja Jumanne

Mpendwa mshauri,

Kwanza shikamoo kama umri wako unaruhusu, na kama hauruhusu basi pokea salamu za mtu mzima aliyebanwa pabaya. Naomba msaada wako kabla ya Jumanne, maana Jumanne dume anakuja na mke wangu hajui anachokuja kufanya.

Ngoja nieleze vizuri usije ukanifikiria vibaya. Mimi na mke wangu tuna banda la farasi pembeni ya mji, nyuma ya karakana ya magari, tunafundisha watu kupanda farasi, watoto kwa wakubwa, na tunao farasi watano lakini kusema kweli tunaye mmoja na wengine wanne wa kumsindikiza. Huyo mmoja ni jike wa kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso kama mtu aliyejifuta uso kwa mkono wenye unga, na jina lake ni Mkunga, kwa sababu anawapokea watu kabla hawajafika chini. Sikutanii. Mwanafunzi akianza kuteleza kulia, Mkunga anasogea kulia, akiteleza kushoto anasogea kushoto, anamwekea mgongo pale pale anapotaka kuangukia, kisha anasimama tuli anasubiri mtu ajikusanye. Tuna karani mmoja wa posta, mtu mzima mwenye kitambi chake, mtu anayeogopa hata kupanda stuli abadilishe balbu, alikuja kwetu kwa sababu daktari alimwambia atafute mazoezi, na siku ya kwanza aliteleza mara saba, nilihesabu mwenyewe, na mara zote saba Mkunga alimrudisha juu bila haraka wala kero, na yule bwana aliposhuka machozi yanamtoka akamshika farasi shingo akamwambia "asante mama", mimi niliyekuwa nimeshika kamba hakuniona kabisa. Katika miaka yote hii hakuna aliyevunjika hata kidole juu ya mgongo ule.

Sasa Mkunga ana miaka kumi na tisa. Juu ya macho pameanza kubonyea, mvi zimemtoka usoni, na asubuhi nikimpiga brashi ananiegemea zaidi ya zamani, na mimi namwacha aegemee ingawa bega linauma. Na hajawahi kuzaa. Kila mwaka tulisema mwakani, kwa sababu nani angefanya kazi yake miezi kumi na moja ya mimba na mingine ya kunyonyesha, na miaka ikaenda. Nikifikiri kwamba siku moja ataondoka na wema wote ule uzikwe naye, mshauri, nakuambia ukweli, chakula hakishuki.

Basi siku mke wangu alipokwenda kumjulia hali dada yake, nilimwita daktari wa mifugo. Akavaa glovu inayofika begani, akampima ndani huku akitazama kile kioo chake kidogo cha picha, kisha akasema, "Inawezekana." Alisema na mengine, habari za umri na habari za jike ambaye hajawahi kuzaa hata mara moja, akaniandikia kwenye karatasi, nami nikaikunja nikaitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya kwato, maana kopo hilo mke wangu haligusi, harufu yake inamtia kichefuchefu.

Siyo kwamba sikumwambia kabisa. Mwaka jana nilimgusia, akaniambia, "Huyu ametufanyia kazi zote, leo unataka umwongezee na uchungu wa kuzaa? Mwache apumzike." Nikasema sawa, yamekwisha. Hayakwisha. Nimeongea na mwenye dume mmoja mweusi, mtulivu, mzuri wa kumtazama mpaka unasahau ulichokuwa unafanya, na tumekubaliana Jumanne, kwa hesabu zangu za siku zake Mkunga. Mke wangu nimemwambia dume anakuja kulala kwetu siku tatu kwa sababu banda lake linaezekwa bati upya.

Kitu kingine kinachonipa wasiwasi ni kwamba Mkunga akiwa kwenye joto anabadilika, anainua mkia, anasimama kwenye uzio akitazama barabarani, mwanafunzi akimwambia twende anageuza shingo kama hajasikia, na mke wangu aliponiuliza ana nini nikamwambia ni nzi wanamsumbua. Siku nyingine tena nikamwambia nzi. Juzi akaniuliza, "Baba watoto, nzi gani hao wanaokuja kila baada ya wiki tatu?" Nikamwambia labda ni takataka za karakana. Akaendelea kushona mkanda wa tandiko, nikashukuru yamepita.

Mke wangu ni mkaidi, hilo ulijue kabla hujanishauri niongee naye. Nikupe mfano. Mkunga alikuja kwetu ana miaka minne, tulimtoa kwa mfyatua matofali alikokuwa anavuta mkokoteni, mbavu unazihesabu, anaruka hata kivuli cha ndoo. Basi mke wangu alichukua gunia la pumba akalifunga juu ya tandiko, tena legelege makusudi, akaanza kumzungusha uwanjani. Gunia linateleza, linaanguka, farasi anatimua mbio, mke wangu anamfuata, anamrudisha, anafunga tena. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake kwenye kiwanda cha kushona sare za shule, miaka miwili, anaongea na farasi, anaongea na gunia, na farasi akisogea hata hatua moja kulifuata gunia lisianguke anapewa kipande cha karoti. Majirani walicheka. Hata mimi nilicheka, nilimwambia anaolewa na gunia. Sasa niambie wewe, mnyama gani mwingine angelielewa somo la namna ile kama siyo damu yake? Ndiyo damu hiyo ninayotaka isipotee.

Siku hizi mke wangu hafundishi, goti limemkataa, anakaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa banda anashona mikanda, na ananisumbua eti kwa mfyatua matofali kuna jike mwingine mchanga amekonda, niende nikamwangalie. Nilimwona. Hana kitu, kichwa kikubwa, miguu kama ya kuazima.

Mshauri, nimwache dume aje au nimzuie? Na nikimzuia, baada ya Mkunga tutabaki na nini?

Ni mimi,
Bwana wa Banda

*

Bwana wa Banda,

Marahaba, umri unaruhusu, na unaniruhusu pia kukusema.

Lakini nianze na haki yako. Miaka mingi nasoma hapa barua za waume wakiwaeleza wake zao, na sijaona mke aliyeelezwa kwa mapenzi kama ulivyomweleza farasi huyu. Nilimsomea mume wangu kwa sauti kile kisa cha karani wa posta, akazima redio ili asikie vizuri. Mkunga nampenda na sijamtia machoni. Na mtu anayemwacha farasi mzee amwegemee huku bega linamuuma ana moyo mzuri, hilo silipingi.

Sasa tuje kwenye nzi. Bwana, nzi hawana kalenda. Mkeo amekaa na jike huyo miaka kumi na mitano, siku zake anazijua kuliko wewe unayezihesabu kwenye vidole. Alipokuuliza lile swali alikuwa anakufungulia mlango utoke kwa heshima, wewe ukajifungia humo humo na takataka za karakana. Halafu ukamletea na hadithi ya bati. Anajua, na amekaa kimya anasubiri kuona utafika wapi, na mimi nikiwa mke naweza kukuambia kimya cha namna hiyo kinachosha kuliko goti.

Kuhusu daktari, nimempigia mmoja ninayemwamini nikamsomea uliyoyaandika. Hakusema haiwezekani. Alisema wapo majike wa umri huo wanaozaa salama, na wengi wao ni waliokwisha kuzaa ujanani. Anayeanza akiwa na miaka kumi na tisa ni habari nyingine: huenda asishike mimba, akishika huenda isikae, na ikikaa, siku ya kuzaa mishipa iliyozeeka inaweza kupasuka ukampoteza mama na mtoto kwa pamoja. Naamini haya ndiyo yaliyomo kwenye lile kopo. Daktari wako alisema "inawezekana", wewe ukasikia "fanya", na yaliyobaki ukayazamisha kwenye mafuta. Mtu mwenye hakika na jambo lake hafichi karatasi.

Ila hayo yote ungeambiwa na daktari yeyote. Mimi nataka tuzungumze juu ya gunia.

Barua yako ina kurasa nne. Mkeo nilimkuta humo anakataa, anashona, anasumbua. Halafu nikafika kwenye gunia, umelitia tu ili nione ukaidi wake, na hapo niliweka miwani mezani. Bwana, unajua ulichokiandika? Mkunga hakuja kwenu na wema ule. Alikuja na mbavu na woga wa ndoo. Yule anayempokea karani wa posta alitengenezwa asubuhi moja moja, miaka miwili, na mwanamke aliyekuwa na cherehani inamsubiri kazini, huku majirani wanacheka na mume wake anacheka. Damu nayo ina lake, sikatai, farasi mkorofi asingefundishika. Lakini mtoto wa Mkunga angezaliwa hajui gunia ni nini. Angehitaji mtu wa kumfungia, na wewe, kwa maelezo yako mwenyewe, ulikuwa upande wa wanaocheka.

Unachoogopa kukipoteza kimekaa mlangoni mwa banda lako kwenye kiti cha plastiki. Kimekuonyesha hata farasi wa kuanza naye, kimemwona pale pale kilipomwona wa kwanza, na wewe ukarudi na habari za kichwa kikubwa. Mkunga naye alikuwaje siku mlipomchukua? Soma barua yako.

Najua unaumia. Kumwona mnyama uliyemzoea anaanza kubonyea juu ya macho ni huzuni, na nadhani ukimtazama yeye unajiona na wewe, na goti la mama watoto unaliona pia, ndiyo maana ulitaka kitu kichanga ndani ya banda. Hiyo siyo dhambi. Ila usimpe bibi wa miaka kumi na tisa kazi ya kukutuliza moyo kwa kuhatarisha roho yake. Amekwisha kukupa vya kutosha.

Basi, dume asije. Mpigie mwenye dume leo, siyo Jumatatu, mwambie umeghairi, na ile hadithi ya bati ife kabla haijazaa. Kisha fungua kopo, ifute karatasi vizuri maana mkeo harufu hiyo haipendi, uvute ndoo ukae karibu naye, kiti ni chake. Mpe asome mwenyewe. Usianze kujitetea. Akimaliza kukusema, na atakusema, mweleze ulivyonieleza mimi juu ya Mkunga, yote, mpaka machozi ya karani, ila safari hii umtaje na aliyefunga gunia. Miaka kumi na mitano anasubiri kulisikia hilo kwako, na mimi nimelisikia kabla yake kwa sababu tu uliniandikia barua.

Mkunga apunguziwe kazi. Mwacheni na wepesi wepesi, asubuhi tu, na afungwe mahali ambapo farasi mdogo atakayekuja atamwona anavyofanya.

Jumanne umeshajipa nafasi, usiipoteze. Nendeni wote wawili kwa mfyatua matofali, mkamchukue yule mwenye miguu ya kuazima. Chukueni na gunia la pumba. Goti la mkeo halihusiki na kufunga kamba, mikono yake mizima, atalifunga yeye legelege anavyojua, kisha atarudi kwenye kiti chake aseme wapi ugeuke na lini karoti itoke. Kazi yako itakuwa kuzunguka uwanja kila asubuhi, na kuliokota gunia kila likianguka. Na safari hii usicheke.