Makochi Yalipokuja Kusali

Nafula mjukuu wangu,

Habari za huko Doha? Sisi hapa Riruta tu wazima, na goti la babu yako limetulia.

Umeuliza kwa nini nimekataa makochi uliyotaka kuninunulia. Si kiburi, mama.

Baba yako Wekesa alipokuwa mchanga, tulikaa chumba kimoja cha kupanga hapa hapa. Jumuiya ya kanisa husali nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilipokaribia, babu yako akasema hawezi kuaibika. Akaleta makochi makubwa kutoka kwa mafundi wa Ngong Road. Nikayashonea vitambaa. Yalijaza chumba mpaka mlango ukawa unafunguka nusu.

Siku ya maombi ikafika. Watu wanne wakaketi, wengine wakabaki koridoni na Biblia zao. Jirani yetu Mama Achieng akachungulia, akasema, "Mama Wekesa, naona viti ndivyo vimekuja kusali. Sisi je?"

Tukacheka. Wanaume wakayatoa makochi hadi uani, nikatandika mikeka, na wote wakaingia. Tukaimba magoti yakigusana. Babu yako akaninong'oneza, "Kumbe nyumba yetu ni kubwa hivi?"

Makochi hayakurudi ndani. Tulimpa shemeji aliyekuwa na sebule.

Hizo pesa nunua tiketi, Nafula. Pale ulipotaka makochi yakae, ndipo ninapokutandikia godoro kila ukija. Ni Desemba mbili sasa hujaja, na pako wazi.

Kukhu wako,
Mama Wekesa