Disketi kwenye Uchaga wa Jikoni

Kasulu, Jumamosi, Novemba 1998

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika adhuhuri kama mtu aliyekwenda kula, halafu ikarudi. Viatu vyangu vimejaa tope jekundu na mgongo unauma. Lakini moyo wangu ni mwepesi, na ni mwepesi kweli. Niandike upesi kabla sijaanza kujisahau na kudai kwamba yote niliyafanya mwenyewe.

Jumanne jenereta ya Bwana Rashidi ilizimika ghafla nikiwa katikati ya kazi. Bwana Rashidi ndiye mwenye duka, mtu wa Tanga aliyekuja huku kuuza vitenge akasahau kurudi. Mimi nimepanga kachumba ka pembeni, nina meza, printa, kompyuta moja na kibao nje kinachosema Yasinta Uchapaji. Jenereta ilipowashwa tena, kompyuta haikuwaka. Yaani taa zake ziliwaka, feni ikavuma, lakini kioo kilibaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza uliosema kwamba haioni programu ya kuiendesha. Nikazima, nikawasha. Nikaomba. Nikazima, nikawasha. Nikaitukana kwa Kiha, maana nikikasirika Kiswahili hunipungukia. Mstari ukabaki ule ule.

Ndani ya mashine ile kulikuwa na kitabu cha Mwalimu Spesiosa.

Mwalimu Spesiosa ni Mrundi, anaishi kambi ya Mtendeli, kule upande wa Kibondo. Anafundisha darasa la kwanza chini ya turubai, na vitabu vya kusomea hawana. Basi aliandika mwenyewe hadithi kwa Kirundi, zile alizosimuliwa na mama yake akiwa mdogo, akaziandika kwenye migongo ya karatasi zilizokwisha tumika. Mwaka jana aliniletea rundo lile nimchapie. Nilipomaliza nikamrudishia karatasi zake, na baada ya muda mfupi nyumba yake ya nyasi ikaungua kambini, karatasi zikaenda nayo. Alipokuja kunieleza hakulia. Alisema tu, "Si neno, wewe unazo."

Sasa parokia imempatia karatasi na wino wa kudurufu, na leo Jumamosi ndiyo siku aliyopewa kibali cha kutoka kambini kuja kuchukua kazi yake. Jumanne ile nilikaa mbele ya kioo cheusi nikisikia sauti yake: wewe unazo.

Dawa yenyewe naijua, niliisoma kwenye kozi Kigoma. Programu inayoendesha mashine ikifa, unaiweka upya kutoka kwenye disketi zake za asili. Hizo zipo, tena zimetunzwa kuliko bibi harusi: Bwana Rashidi alizitia kwenye kabati la vioo, katikati ya marashi na saa za mkononi, kila mteja azione. Kwa disketi ya kwanza ya hizo niliweza kuiamsha mashine kidogo, nikajaribu kuchungulia diski yake ya ndani. Haikusomeka hata faili moja. Ilibidi kuifomati, yaani kuifuta yote iwe kama mpya, ndipo niijaze tena.

Kufuta ni rahisi, unabonyeza herufi moja tu. Ila ukishafuta umefuta.

Nakala nilikuwa nazo, si kwamba mimi ni mzembe. Wakati wa kiangazi wezi walivunja duka la jirani, nikakumbuka mwalimu wa kozi alivyosisitiza kwamba nakala ya akiba hailali chumba kimoja na mashine. Nikanakili kitabu mara mbili, kila sehemu na rangi yake ya karatasi ya kubandika: nyekundu mbili, kijani mbili, bluu mbili, njano mbili. Nikazitia kwenye kopo la biskuti nikampelekea mamamkwe wangu, Kagerankanda. Nikamwambia, "Mama, hivi vitu havitaki unyevu wala wadudu." Akaitikia, akalipokea kopo kwa mikono miwili.

Jumatano nikapanda lori la mahindi mpaka lilipoishia, nikamalizia kwa miguu. Mamamkwe alinipokea kwa furaha, na nilipomuuliza lile kopo liko wapi, akatabasamu kwa fahari na kunyoosha kidole juu.

Juu ya mafiga. Kwenye uchaga wa jikoni, ndani ya moshi, palepale yanapokaushwa mahindi ya mbegu.

Na unajua nini, ewe daftari? Alikuwa na haki kabisa. Katika nyanda zetu hizi hakuna mahali pakavu kama pale, na hakuna mdudu anayethubutu kupanda pale. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye jiko la namna hiyo. Nilimtajia unyevu na wadudu, sikumtajia moto. Kopo lilikuwa jeusi tii, na disketi ndani zimepinda kama vipande vya muhogo vilivyosahaulika juani. Akiba haiozi, sawa, lakini kumbe inaokwa.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Halafu hasira ikanipanda, na ulimi wangu naujua, nikabana meno nisije nikamtamkia mama wa mume wangu neno ambalo halirudi. Yeye alinitazama, akachukua disketi moja, akaigeuza, akainusa.

"Zimeharibika, mukazana?" Ndivyo anavyoniita, yaani mkamwana wake.

"Zimeharibika, Mama."

"Basi kachukue zile zingine."

Nikamuuliza zingine zipi. Akanishangaa kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. Zingine za kwa Marita, mdogo wake, anayekaa Rungwe Mpya. Nilihesabu zilizokuwa kwenye kopo, nikaona kweli: nyekundu moja, kijani moja, bluu moja, njano moja. Mamamkwe hajui kusoma, ila rangi anazijua, na alizigawa kama anavyogawa maharage ya mbegu kila mwaka: kila aina, kidogo hapa na kidogo kwa mdogo wake. "Nyumba ikiungua na mbegu zote zimo," akasema, "mtapanda majivu?"

Nilimkumbatia mpaka kilemba kikamtoka. Nikataka kuondoka saa ileile, akakataa katakata, hakuna mukazana anayetoka kwake na njaa. Nikala ugali na maharage huku machozi hayajakauka, na sijui kama nimewahi kula chakula kitamu kama kile. Nilipoondoka akanibebesha na zile zilizopinda. Nilizichukua kwa heshima tu, sikuwa na kazi nazo.

Alhamisi nikawa Rungwe Mpya. Mama mdogo Marita alizitoa kwenye sanduku la nguo, zimefungwa ndani ya kitenge na vidonge vya kufukuza mende. Safi, zinang'aa! Isipokuwa ya njano. Mjukuu wake aliipata siku moja, akakinyofoa kibati chake kinachofunika utando wa ndani akakifanya mchezo, na utando ukakwaruzwa vibaya. Mama mdogo aliona aibu mpaka nikaanza kumbembeleza yeye badala ya kujibembeleza mimi.

Jana Ijumaa ndipo nilipoanza kazi. Kabla ya kufuta chochote, niliiamsha mashine kwa ile disketi ya kwanza na kunakili kila disketi ya mama mdogo kwenye disketi mpya, kuhakikisha inasomeka. Nyekundu ikakubali. Kijani ikakubali. Bluu ikasuasua, ikakubali. Ya njano mashine iliikoromea kidogo, ikaitema.

Sehemu ya njano ni hadithi za mwisho. Ndizo Mwalimu Spesiosa anazozipenda kuliko zote, maana anasema mama yake alizitunga mwenyewe, hakuna mtu mwingine aliyekuwa akizisimulia.

Bwana Rashidi alinikuta nimeshika kichwa. Ametoka msikitini, kanzu nyeupe, dumu la petroli mkononi, kwa sababu tangu Jumanne ameapa kwamba mafuta ya jenereta hayatamwishia tena bila yeye kujua. Akaitazama disketi ya njano iliyotoka kwenye moshi, ambayo nilikuwa nimeitupa pembeni. Akaniuliza kilichopinda ni ganda au kilichomo ndani.

Nilikuwa nimeona ganda tu.

Akaleta wembe. Nikalipasua lile ganda taratibu, nikautoa utando wa kahawia uliomo. Ulikuwa bapa, haujapinda, una vumbi la masizi ukingoni. Nikaupangusa kwa kitambaa laini, nikalifungua ganda la disketi mpya, nikautia humo, nikafunga kwa gundi ya karatasi. Chumba kizima kikanuka jiko la mamamkwe. Nikaingiza. Mashine ikaguna, ikanyamaza, ikaguna tena, na majina ya hadithi yakaanza kushuka kwenye kioo, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

Nilipiga kelele. Wateja wakaja kuona nani amekufa.

Kufomati ndiko kulikobaki. Nakala zote ziko mezani, nimezihakiki, na bado kidole changu kiliganda juu ya herufi ile. Bwana Rashidi akakohoa. "Bonyeza, binti yangu. Sema Bismillahi, au sema ya kwenu, lakini bonyeza." Nikasema ya kwetu, yeye akasema ya kwao, nikabonyeza. Halafu tukalisha mashine disketi moja moja kutoka kwenye kabati la vioo, naye ananikabidhi kila moja kwa taadhima kama anauza dhahabu. Jioni mashine iliwaka yenyewe. Nikarudisha hadithi zote, na printa ikaanza kuchapa.

Sasa nieleze ya leo, maana ya leo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mamamkwe alifika mjini asubuhi na gunia la viazi, akidai amekuja kuuza. Viazi vyenyewe hakuviuza. Alikaa kwenye benchi la kachumba kangu, akiniangalia mikono. Nikaelewa. Tangu Jumatano alikuwa na wasiwasi kwamba ameharibu kazi yangu, na hakutaka kuuliza. Nikamwonyesha ukurasa wa mwisho, nikamwambia huu umetoka kwenye moshi wako, Mama. Akaugusa kwa kidole kimoja, akasema umetoka mweupe.

Mwalimu Spesiosa akaja mchana na gari la parokia. Mwembamba kuliko mwaka jana. Nilikuwa nimeamua nisimwambie lolote, nimpe kitabu chake tu aende kwa amani. Akakipokea, akafungua mwishoni, akasoma akiwa amesimama, midomo inacheza. Nikashindwa. Nikamwaga yote: jenereta, uchaga, mjukuu, wembe. Nilitegemea aogope, au anilaumu, na angekuwa na haki.

Aliuliza kitu kimoja tu, ni nani aliyezigawa.

Nikamwonyesha benchi. Mwalimu Spesiosa akaenda, akapiga magoti kwenye sakafu yangu yenye tope, akamshika mamamkwe mikono yote miwili. "Urakoze cane, mama," yaani asante sana. Kirundi na Kiha ni ndugu, hawakunihitaji niwatafsirie. Kisha akamwambia jambo ambalo mimi, pamoja na kumchapia kitabu kizima, sikuwahi kumuuliza. Kwamba mama yake naye alifanya hivyo hivyo. Siku waliyokimbia, aliwagawa watoto. Spesiosa na kaka yake mdogo walipewa shangazi, wakafuata njia ya huku. Dada zake watatu wakabaki na mama, wakafuata njia nyingine.

"Sisi tulifika," akasema.

Bwana Rashidi, mlangoni, aliinamisha kichwa.

Mamamkwe hakusema pole. Hakusema Mungu yupo, wala subira, wala yale mengine ambayo mimi nilikuwa nayatafuta mdomoni. Alimwuliza dada zake waliitwa nani. Mwalimu Spesiosa akamtajia, na mamamkwe akayarudia majina kwa Kiha chake, moja moja, akikosea na kusahihishwa, mpaka akayashika. Halafu akayasema yote matatu kwa mara moja, kwa sauti, bila kukosea, na hapo ndipo Mwalimu Spesiosa alipolia.

Gari la parokia lilipiga honi mara mbili. Hakuna aliyelijali.

Nimeshukuru kwa mengi wiki hii: kwa wembe, kwa petroli, kwa maharage ya Jumatano, kwa mwanamke ambaye nusura nimtukane. Asante, Mungu, kwa kunifunga mdomo. Nakala moja ya kitabu imekwenda Mtendeli, nyingine kwa Bwana Rashidi kwenye kabati la vioo, na nyingine nitaipeleka Kagerankanda, safari hii sandukuni. Na hapa kwenye daftari langu naongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye disketi yoyote.

Godeliva. Imakulata. Dafroza.