Kahawa Mbichi ya Mkwe

Tunduma, Jumapili

Kaka yangu Clement,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Huko Kitwe mnaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, baba na mama pia. Simu yako haipatikani kabisa, ndiyo maana nimempa dereva wa lori barua hii.

Kaka wee, nusura nimkose mchumba wangu Jenista! Baba yake, mzee wa kule Ikinga, hana habari na suti. Alisema mkwe atamjua shambani, siyo sebuleni, basi nikaenda kumchumia kahawa. Nilijituma hasa, ndoo yangu ikajaa kabla ya wenzangu. Mzee akachungulia, akauliza nani kanituma kumharibia kahawa, maana nusu ilikuwa mbichi. Nikamwapia kwamba mimi zote naziona sawa. Akaona namfanyia dharau, akasema mzembe hapewi binti yake, nirudi nilikotoka. Nililia ndani ya basi, sikufichi.

Jenista akagoma kuniacha. Alinikokota hadi kwa mtaalamu wa macho, nikaonyeshwa picha ya madoa madoa. Jenista akaona namba nane, mimi madoa matupu, nikadhani wananitania! Mtaalamu akaeleza kwamba ndani ya jicho mna vipokezi vya rangi vya aina tatu, na kwangu aina moja haifanyi kazi sawasawa. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu. Nimezaliwa hivyo.

Tulirudi Ikinga pamoja kumweleza baba yake. Mzee alicheka mpaka akapaliwa, akanishika mkono na kunifundisha kubinya: iliyoiva inabonyea, mbichi inagoma. Sasa nachuma hata nikifumba macho, na harusi ni Oktoba!

Ila kaka, kilichonishikisha kalamu hasa ni hiki. Mtaalamu alisema hali hii hupitia kwa mama, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa nayo. Nikazikumbuka zile nyanya mbichi ulizopeleka sokoni, baba akakuita mpumbavu mbele ya watu, ukaondoka mpaka leo. Nimemweleza baba yote. Aliingia chumbani, akakaa sana. Alipotoka, mama ndiye aliyeniambia kwamba macho yake yalikuwa mekundu. Anakuomba msamaha, kaka, na amesema bila wewe pembeni yake haingii kanisani.

Nisalimie shemeji, na watoto wote wape mkono. Tunawasubiri.

Mdogo wako akupendaye,
Danford