Kipanya cha Kaka Shabani

Tanga, Jumatano, Agosti 1997

Hakijavunjika. Nilijifanya nafuta meza, nikakisukuma kipanya cha kompyuta makusudi kikaanguka kwenye saruji, na hakikupata hata ufa.

Tangu kiwanda cha katani kifungwe na Kaka Shabani apewe ile kompyuta ya ofisini badala ya mafao, hatoki ndani. Anacheza gemu za ndege tu. Kipanya cha kwanza kilikuwa chepesi kama ganda la yai, kikafa mapema, nami nikashukuru. Hiki alikiagiza Mombasa. Kizito, kinajaa kiganjani, vitufe vyake vinaitika kila ukivigusa, na waya wake mnene.

Shule ya Mwera inanisubiri nikafundishe. Nitamwachaje mtu asiyekula mpaka nimpelekee sahani mkononi?

Kilipoanguka, kigololi cha chini kilichomoka kikabingirika hadi uvunguni. Kaka alipiga magoti akakitafuta, akakirudisha, akajaribu. Kikafanya kazi.

"Umeona, Mwanaidi?" akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe. "Hiki kimetengenezwa imara! Usijali, mdogo wangu, najua kimekuponyoka."

Kesho nitawajulisha watu wa Mwera kwamba siendi.

Bora angenigombeza.